Jicho la Speke, Mto Kagera na Jirani Yangu

Desemba iliyopita mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuja kukaa nasi kwa likizo, hapa kijijini kwetu Kyerwa. Jioni moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika, na kwa kuwa simu yake ilikuwa bado na chaji aliendelea kusoma gizani, uso wake ukimulikwa na kioo. Nikamuuliza anasoma nini kinachomfanya asisikie hata ngurumo. Akasema ni hadithi ya Kichina yenye zimwi.

"Zimwi la namna gani?"

"Hili halili watu, Mjomba. Linakula namna watu wanavyoona."

Akanisimulia. Wanafunzi tisa wa mtawa mmoja wanapanda mlima kutafuta dawa ya kutokufa. Usiku wanawasha moto, wanauzunguka, na mkubwa wao anawahesabu. Anapata kumi. Anahesabu tena, kumi. Anatazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila uso anaujua tangu utotoni, kila mmoja ana jina lake, kila mmoja anakumbuka siku walipooga pamoja mtoni. Hakuna mgeni. Lakini walitoka nyumbani wakiwa tisa. Basi wanashauriana, wanamteua yule ambaye usiku huo pua yake inaonekana ngeni kidogo, wanamsukuma bondeni. Wanahesabu tena: kumi. Wanamteua mwingine. Bado kumi. Asubuhi amebaki mmoja peke yake kando ya majivu, na alipojihesabu akapata wawili.

"Sasa, Mjomba," akaniuliza, "wewe ungelijuaje?"

Sikumjibu. Nilimwambia alale, simu isije ikaisha chaji. Ila mimi ndiye niliyekosa usingizi, kwa sababu yale ya kuteua mtu kwa pua yake nilikuwa nimewahi kuyafanya, na nilikuwa na daftari kabatini la kunishuhudia.

Siku zilizofuata nilimwomba anieleze zaidi kuhusu hadithi hizo. Wachina huziita xianxia: ni visa vya watu wanaofanya mazoezi ya roho na mwili kwa miaka mingi ili wapande daraja, hatimaye wasife. Zipo zilizochanganywa na za kutisha, na anayoipenda sana inaitwa Daogui Yixian. Shujaa wake, Li Huowang, anaishi katika dunia mbili. Katika moja ni mgonjwa wa akili aliyelazwa hospitalini. Katika nyingine ni mwanafunzi wa mtawa katili. Hajui ipi ni kweli, na anayoyafanya huku akidhani ni ndoto, kule yanamwaga damu. Si jambo jipya kwao. Pu Songling, aliyeishi kati ya 1640 na 1715, aliandika kisa cha zimwi linalopaka rangi ngozi ya mtu na kuivaa, na mwanamume mwenye elimu yake analikaribisha nyumbani kwa kuwa macho yake yameona mwanamke mzuri.

Sisi nasi tuna maneno yetu. Tunasema kiinimacho, tunasema mauzauza, tunasema fulani kafungwa macho. Lakini zimwi la methali zetu lina uungwana fulani: likikujua halikuli likakwisha. Hili la mpwa wangu ni kali zaidi, maana linaanza kazi yake kwa kukufanya wewe usimjue unayemjua.

Ninafundisha historia. Kwa miaka mingi nimesimama mbele ya ubao nikiwaeleza watoto wa Karagwe na Kyerwa kwamba Mzungu wa kwanza kuingia ikulu ya Omukama, yaani mfalme wetu, alikuwa John Hanning Speke, mwezi Novemba 1861, akiwa na mwenzake James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Wanafunzi wanaandika, wanakariri mwaka, mtihani unapita. Nililichukua somo lile kama lilivyoandikwa kwenye kitabu cha kiada mpaka siku nilipopata kitabu cha Speke mwenyewe, kilichochapishwa 1863, nikasoma sura za Karagwe neno kwa neno.

Kwanza nilifurahi. Speke alikuwa amechoka na njia, ameibiwa, amedaiwa hongo na kila mtemi aliyempita tangu pwani. Alipofika ikuluni Bweranyange akapokewa kwa pombe, kwa mbuzi, kwa maneno ya heshima. Omukama Rumanyika alimpa mkono. Kilichomvutia Speke zaidi ni kwamba Omukama yule alipenda kuuliza. Alimuuliza kama jua la leo ndilo lile lile la jana au kila asubuhi linazaliwa jingine. Aliuliza juu ya sura za mwezi. Nimefundisha maelfu ya vijana na najua ni wachache mno wanaouliza kama jua hili ndilo lile. Anayeuliza hivyo ni mtu asiyeyaamini macho yake moja kwa moja, anataka kuyahakikisha.

Ziwa dogo lililo chini ya ikulu lilimkumbusha Grant ziwa la Uingereza, wakaliita Windermere Ndogo. Hili ni jambo la kawaida kwa msafiri, nisiwalaumu. Aliyeko ugenini hutafuta kilichofanana na nyumbani.

Lakini Speke alipomtazama Rumanyika na ndugu yake Nnanaji, akafanya lile lile walilolifanya kwa ziwa. Aliona sura ya yai, macho makubwa, pua iliyosimama, na papo hapo akaandika kwamba hiyo ni damu bora ya Uhabeshi. Hakuwauliza. Hakukuwa na mtu Karagwe aliyemwambia hivyo. Masimulizi ya hapa yanamtaja Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wa Abahinda, na yanawataja Abacwezi, watawala wa kale walioondoka. Uhabeshi wa Speke haumo. Ni yeye aliyemweleza Rumanyika kwamba jamii yake ilitoka huko, na kwamba wazee wake walikuwa Wakristo. Akamwomba ampe mtoto mmoja au wawili awapeleke Uingereza wakasome, kwa sababu anaipenda damu yao. Katika kitabu kile sura ya tisa nzima ameitenga kueleza jinsi watu aliowaita bora, wafugaji kutoka kaskazini, walivyowatawala watu aliowaita duni, wakulima. Wakulima hao ni Wanyambo. Ni babu zangu. Wamo kwenye kitabu wakibeba mizigo na kulima migomba; hakuna anayeulizwa kitu.

Kuna kisa kimoja humo ambacho siwezi kukisahau. Speke alisikia kwamba wake wa wakubwa wananeneshwa kwa maziwa. Akaenda kwa kaka yake Omukama, akaonana na mke wa mwenye nyumba, mama aliyenenepa hata kusimama ni shida, na akaomba ampime. Akatoa utepe wa kupimia. Akampima mkono, kifua, paja, mguu, kimo, na vipimo vyote akaviandika kwa futi na inchi. Utepe haukudanganya. Namba nina hakika zilikuwa sahihi. Na hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu zimwi la mpwa wangu: halizuii mtu kupima. Speke alipima kila kitu Karagwe, majira, urefu wa vilima, halijoto, mapaja ya mama wa watu, na bado alichokiona kilikuwa kile alichokuja nacho.

Tena hakuwa mtu asiyejua kutilia shaka. Rumanyika alimsimulia jinsi alivyopata kiti baada ya kifo cha baba yake, Ndagara. Ndugu waligombea. Wazee wa ikulu wakaweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa, ikawa nzito kwa kila asiyestahili. Ndugu zake wakashindwa. Rumanyika akainyanyua kwa kidole kidogo. Speke aliisimulia habari hiyo kama mtu anayesimulia imani za wengine, na kitabu hicho hicho kinatueleza kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, Musa Mzuri, alimsaidia Rumanyika dhidi ya nduguye Rogero. Alijua, basi, kwamba nyuma ya ngoma kulikuwa na nguvu nyingine. Kiinimacho cha Wanyambo alikiona. Cha kwake, kilichokuwa kizito kuliko ngoma ile, alikibeba kwa kidole kidogo mpaka London.

Nasisitiza kwamba alitupenda. Ukurasa baada ya ukurasa anamsifu Rumanyika kuwa mpole, mwerevu, mwenye utu. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba anayepotoka macho ni mwenye chuki, na kwamba mimi, kwa kuwa simchukii mtu, nimesalimika. Sasa najua mapenzi hayakingi. Mtu anaweza kukusifu kwa dhati huku amekwisha kukuweka kwenye kundi, na siku ya siku kundi ndilo litakalohesabiwa.

Wazo lile la wafugaji bora waliotoka kaskazini lilivuka mto Kagera. Sisemi Speke peke yake ndiye aliyelileta Rwanda. Walikuwapo wamisionari, maofisa wa Kijerumani, wasomi wa Ulaya waliolipamba. Lakini ukitafuta mzizi wake wa mwanzo katika nchi hizi za maziwa, utajikuta unarudi Bweranyange. Wabelgiji walipoichukua Rwanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza walilikuta tayari limekomaa, na katika miaka ya 1930 wakaliandika kwenye kadi: huyu Mhutu, huyu Mtutsi, huyu Mtwa. Jambo lililokuwa linabadilika, lililotegemea ng'ombe, ukoo, ndoa na ikulu, likagandishwa kwa wino. Upande wetu wa mto, chini ya Waingereza, hakukuwa na kadi ya namna hiyo, na baada ya uhuru serikali ya Nyerere ilifuta utawala wa machifu. Hapa Mhima mfugaji na Mnyambo mkulima wanazikana na kuoana, na mtoto wa leo akiulizwa tofauti yao anababaika. Kati ya nchi hizi mbili kuna maji tu.

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, kaskazini magharibi mwa Rwanda, mwanasiasa wa chama tawala, Léon Mugesera, alihutubia mkutano. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watapelekwa huko kwa njia ya mkato, kwa mto Nyabarongo. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha kwa hotuba ile. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu. Uhabeshi! Neno lile lile ambalo Speke alimwambia Rumanyika kama sifa lilikuwa limesafiri miaka 131 na kurudi kama hukumu ya kifo.

Na mto Nyabarongo unakwenda wapi? Unakuwa Akagera, ndio Kagera wetu, unaanguka Rusumo, unapinda kuelekea kaskazini ukipita mpakani mwa Karagwe na Kyerwa, unageuka mashariki pale Murongo, unapita Kyaka, unamwaga maji yake Ziwa Viktoria. Unakuja kwetu.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka 1994. Wilaya ilikuwa moja tu wakati huo, Karagwe. Kyerwa ilitengwa 2012. Nyumbani kwetu hakuko mbali sana na Murongo, na watoto tulizoea kushuka mtoni. Mwishoni mwa Aprili mama alitukataza. Hakueleza sababu. Alituambia tu kwamba mto ni mgonjwa. Nikadhani ni kipindupindu. Kisha nikasikia watu wazima wakizungumza kwa sauti ya chini kwamba miili inapita, mingine imefungwa mikono, mingine ni mama na mtoto mgongoni. Baba alikwenda akarudi, akakaa nje ya nyumba mpaka usiku bila kula. Samaki hatukula tena kwa muda mrefu, na nilisikia baadaye kwamba hata ng'ambo Uganda, Kasensero mto unakoingia ziwani, wavuvi waliacha nyavu wakawa wazikaji. Waliouawa Rwanda katika siku 100 za mauaji ya kimbari ya mwaka ule Umoja wa Mataifa uliwakadiria kuwa 800,000. Waliowaua walikuwa wamefundishwa na redio kuwaita mende. Jirani waliyekopeshana naye chumvi wakamtazama, wakaona mende.

Halafu wakaja walio hai. Mwezi ule ule wa Aprili, ndani ya saa 24 tu, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na kwetu Karagwe zikafunguliwa kambi, Chabalisa, Kagenyi. Miti ikakatwa, bei za ndizi zikapanda, tukajifunza nyimbo zao. Desemba 1996 walirudishwa. Mimi nikakua, nikaenda shule, nikawa mwalimu, na nilipokuwa nikifundisha habari za 1994 nilizungumza kama mtu aliyesimama ukingoni: haya yalitokea ng'ambo, kwa watu waliorogwa macho.

Sasa nifike kwangu.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, mfugaji na mkulima wa kahawa, ambaye mama yake alivuka naye mto akiwa mtoto wa mgongoni, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakikimbia mauaji ya wakati ule. Alisoma shule ya msingi hapa. Alioa Mnyambo, binti wa kijiji cha pili. Mwaka 1980, serikali ya Mwalimu Nyerere ilipotoa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda zaidi ya 30,000, naye alikuwa miongoni mwao, ila nyumba yake ya nyasi ikaja kuungua na karatasi zikaungua nayo. Mimi nilimjua kama mtu aliyebeba upande wa mbele wa machela siku baba yangu alipopelekwa hospitali, kilometa nyingi usiku kwenye matope, na kama mtu aliyechimba kaburi siku ya tatu. Nilimwita Mzee. Aliniita mwanangu.

Julai 2013 Rais Kikwete, akiwa ziarani Kagera, alitangaza kwamba wanaoishi mkoani bila kibali waondoke ndani ya wiki mbili. Mkoa ulikuwa umechoka na utekaji wa magari na ujambazi wa silaha, na wengi wetu tulishangilia. Ulikuwa msimu wa kahawa. Kwenye mizani, tukisubiri magunia ya maganda yapimwe, mazungumzo yalikuwa hayo hayo. Mmoja alisema kijijini kwetu wamo. Mwingine akauliza nani. Wa tatu hakujibu, akageuza uso kidogo kuelekea njia ya kwa Mzee.

Nakumbuka vizuri sana kilichotokea machoni mwangu. Jioni ile nilimkuta Mzee njiani na ng'ombe wake, kama nilivyomkuta jioni elfu kabla yake. Nikamwamkia. Akaitika. Na katika kuitika kule nikasikia lafudhi. Miaka 28 ya maisha yangu sikuwa nimewahi kuisikia! Nikatazama kimo chake, nikaona ni mrefu. Nikatazama pua. Nikatazama pembe za ng'ombe wake, ndefu kuliko za wengine. Nikakumbuka kwamba kuna siku walikuja kwake wageni nisiowajua. Kila nilichokiona kilikuwa kweli: alikuwa mrefu, pua yake ilikuwa hivyo, wageni walikuja. Hakuna hata kimoja nilichokibuni. Nikaenda nyumbani nikiwa nimemwona kwa mara ya kwanza, ndivyo nilivyodhani, na yule mtu aliyebeba machela ya baba alikuwa ametoweka pale njiani bila mimi kutambua kwamba kuna aliyetoweka.

Siku chache baadaye kiongozi mmoja alinijia akaniomba, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nimsaidie kunakili orodha ya kaya. Jina, idadi ya watu, idadi ya mifugo, maelezo. Nilikaa mezani na daftari langu la shule, nikaandika rasimu kwanza. Kaya nyingi safu ya maelezo niliiacha wazi. Nilipofika kwa Mzee niliandika jina lake vizuri, nikaandika ng'ombe kumi na mmoja, na kwenye maelezo nikaandika neno moja: Mnyarwanda. Hakuna aliyeniambia niliandike. Kiongozi yule hakuniuliza. Mkono wangu ulikuwa mtulivu kabisa. Niliandika jambo ambalo kwa kamusi si uongo, na usiku huo nililala.

Mzee hakusubiri. Wiki ya pili ya Agosti, kabla Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wasio na kibali haijaanza mwezi Septemba, aliondoka alfajiri na ng'ombe wachache akapita Murongo, darajani, akaingia Uganda. Mkewe alibaki na kibanja. Aliwaambia watu mumewe amekwenda kuangalia malisho. Maelfu ya watu walivuka mpaka mwaka ule kutoka mkoa wetu, na wengi walikuwa na wake, waume, makaburi ya wazazi huku nyuma. Mzee alikuwa mmoja. Nilipoona boma lake tupu nilihisi nafuu. Naliandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli. Nafuu. Tulikuwa tumejihesabu na tumebaki wetu tupu.

Macho yalinirudia lini, sina tarehe. Haikuwa mara moja. Msiba ulitokea, tukatafuta wa kuchimba kaburi, nikashtuka kwamba ninamtafuta yeye. Mwaka mwingine nikiwa darasani nafundisha 1994 mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hivi wale walioandika majina ya watu kwenye orodha walikuwa wabaya tangu mwanzo?" Nilisema tutajibu kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaanza mada mpya. Mzee alifariki ng'ambo, 2019. Habari ililetwa na dereva wa bodaboda. Nilikwenda kwa mjane wake kutoa pole pamoja na wengine, nikakaa nyuma.

Ndiyo maana swali la mpwa wangu lilininyima usingizi. Ungelijuaje? Nimelifikiria tangu Desemba na jibu nililonalo ni dogo. Wale wanafunzi waliouzunguka moto walihesabu mara nyingi, wakatazamana mara nyingi, na kila walipozidi kutazama ndivyo walivyozidi kuona mgeni. Hakuna hata mmoja aliyemgeukia mwenzake akamwambia: mimi macho yangu usiku huu siyaelewi, hebu niambie wewe ni nani kwangu. Rumanyika aliuliza kama jua ni lile lile. Speke hakuuliza. Mimi jioni ile njiani ningeweza kutembea hatua kumi na Mzee nyuma ya ng'ombe wake, nikamwambia yanayosemwa kwenye mizani, nikamsikiliza. Hatua kumi. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani na nilichokiona.

Nilimsimulia mpwa wangu yote, daftari likiwa mezani kati yetu. Alisoma ukurasa ule, akanyamaza, kisha akasema, "Sasa Mama yule anajua?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimkuta nje anapepeta maharage. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanivutia kigoda. Nilijaribu kuanza kwa mbali, habari za mvua, za kahawa, nikashindwa. Nikafungua daftari nikamsomea mstari wa mumewe: jina, watu wawili, ng'ombe kumi na mmoja, na lile neno. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia.

Hakuacha kupepeta.

"Mwalimu," akasema, "tulijua. Ile orodha alionyeshwa. Mwandiko ule hapa kijijini ni wa kwako peke yako. Aliutazama sana. Alisema, huyu mtoto hana kosa, wamemfunga macho, yatafunguka. Ndiyo sababu hakukuaga."

Miaka yote hiyo alikuwa amenisalimu. Alikuwa ameniletea ndizi mke wangu alipojifungua. Alipokuwa akinitazama, alikuwa akijua anamtazama nani, na alikuwa akimwona pia mtoto aliyekuwa akikimbia na mwanawe kwenye migomba. Vyote viwili, kwa wakati mmoja. Mimi sikuwahi kuwa na macho ya namna hiyo, na nina miaka arobaini.

Nilimwomba radhi. Nikamwambia pia kwamba nataka kuyaandika haya, na kwamba safari hii jina la Mzee nitaliandika kama linavyostahili, pamoja na machela, pamoja na kaburi la baba. Akauweka ungo chini kwa mara ya kwanza.

"Hapana. Jina lake umeshaliandika mara moja, Mwalimu. Inatosha."

Kwa hiyo halimo humu.